Njia ya Tabora: Iwe ya Nani, na kwa Masharti ya Nani?

Mfanyabiashara wa Unyanyembe, eneo la Tabora, katika miaka ya 1850 aliweza kuwa na ghala lililojaa pembe za ndovu, majora ya merikani na kaniki ya kulipia hongo, yaani ushuru wa njiani, pamoja na mkopo kutoka kwa tajiri wa Kihindi wa Unguja, na bado asiweze kutoka hata hatua moja. Ilitosha mawingu ya Novemba yaanze kukusanyika. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakulima kwanza, na mvua ilipokaribia walishika majembe. Aliyetaka kusafiri alisubiri wavune, au alipandisha malipo, au alibaki kwenye tembe lake akihesabu siku.

Wanyamwezi walikuwa wameizoea njia ya pwani tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla wafanyabiashara Waarabu hawajajenga matembe yao Tabora. Misafara yao ilipeleka pembe Bagamoyo na Unguja, ikarudi na nguo, ushanga na nyaya za shaba. Waarabu na Waswahili walipofika bara walifuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Tabora ilikua kwa sababu njia ziligawanyika hapo: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji na kuvuka ziwa kuingia Manyema, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi hadi Katanga, ambako Mnyamwezi Msiri alijijengea utawala wake. Wavumbuzi Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wametembea siku 134 kutoka pwani. Walimkuta Mwarabu Snay bin Amir, aliyewapa nyumba, chakula na habari za maziwa ambayo wao walikuwa wamekuja kuyatafuta.

Historia hii imeandikwa mara nyingi kama hadithi ya wavumbuzi, au ya pembe, au ya watumwa. Kuna upande mwingine unaostahili kutazamwa leo, hasa na vijana wa Tabora wanaosomea kompyuta. Kwa miongo kadhaa, watu wanaotengeneza mifumo endeshi huria wamekuwa wakibishana juu ya jambo moja: je, uhuru ni kanuni ya kulindwa hata kama mtumiaji atakosa kitu, au uhuru ni haki ya mtumiaji kuchagua apendacho, hata kikiwa kimefungwa kwa kufuli la kampuni? Ubishi wa namna hiyo uliwahi kumwaga damu Unyanyembe. Kilichobishaniwa hakikuwa msimbo wa kompyuta. Ilikuwa barabara.

Barabara yenyewe ilikuwa kijia cha mguu, chenye upana wa kupita mtu mmoja nyuma ya mwingine. Kilichoifanya kuwa barabara ni desturi za waliopita. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa njia, amevaa joho jekundu na mapambo ya kichwani, akibeba bendera au mzigo mwepesi. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Kwenye njia panda, kijia kisichofuatwa kilizibwa kwa matawi au kwa mstari uliochorwa ardhini, ili wa nyuma wasipotee. Nyuma ya kirangozi walifuata wenye pembe, kisha wa nguo na ushanga, na mizigo mizito iliyoning'inizwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili. Mzigo wa kawaida ulikaribia kilo 30. Wanawake na watoto nao walikuwamo; kijana wa Kinyamwezi alianza na kipembe kidogo begani, kwa sababu safari ya pwani ilikuwa kipimo cha kuwa mwanaume.

Desturi hizo zilikuwa na nguvu kuliko bunduki ya mwenye msafara. Posho ikipunguzwa, watu waliketi chini. Safari ya siku ikirefushwa kupita kawaida, walitua mizigo. Mwenye msafara akipiga watu ovyo, aliamka asubuhi akakuta mizigo imepangwa vizuri na wabebaji hawapo. Wasafiri wa Ulaya waliandika kurasa nyingi za malalamiko juu ya mambo haya, wakiyaita uvivu na utoro. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyewachunguza wapagazi kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake mwaka 2006, anayaona kwa jicho jingine: walikuwa wafanyakazi wa ujira waliojua thamani yao, wenye utani wao, heshima zao na masharti yao. Ushahidi uko upande wake. Mtu anayeweza kuondoka ni mtu wa kujadiliana naye.

Tena palikuwa na uchaguzi wa aina za misafara. Burton mwenyewe aliitenganisha: ile ya Wanyamwezi wenyewe, ile iliyoongozwa na Waswahili au na watumwa walioaminiwa na matajiri wao, na ile ya Waarabu. Ya Wanyamwezi ilikwenda haraka na kwa gharama ndogo. Ya Waarabu ilikuwa na mahema, wake, wapishi na mapumziko marefu.

Jambo linalosisimua zaidi ni kambi. Msafara ulipofika mahali pa kulala ulikata miiba na kujenga boma, ndani yake vibanda vya matawi na nyasi. Asubuhi ulipoondoka, uliyaacha yote. Msafara uliofuata ulivikuta vibanda, ukavitengeneza penye ubovu, ukalala. Wakati mwingine moto uliviteketeza, basi vikajengwa upya. Hapakuwa na hati ya umiliki, lakini kila mpita njia alinufaika na kazi ya mgeni asiyemjua, naye akaacha kazi yake kwa mgeni mwingine.

Kambi zilikuwa za wote. Maji hayakuwa hivyo. Kati ya Mpwapwa na Unyamwezi ilikuwa Ugogo, nchi kavu ambako visima vilichimbwa na kulindwa na wenyeji. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, na kila mmoja alikuwa na kiwango chake cha nguo, ushanga na nyaya. Misafara ilipoteza siku nyingi ikibishana juu ya idadi ya doti za nguo. Wageni waliiita hongo hiyo wizi. Lakini msafara wa watu mia kadhaa ulioingia kijijini wakati wa kiangazi ulikunywa maji ambayo wenyeji walikuwa wameyaweka akiba kwa ng'ombe na watoto wao, na ulinunua nafaka hadi bei ikapanda. Hongo ilikuwa malipo ya kitu halisi. Ilipozidi kiasi, misafara ilitafuta njia nyingine, na mtemi mwenye tamaa alibaki na visima vyake bila wateja. Kwa hiyo kiwango kilipanda na kushuka kwa majadiliano, mwaka hadi mwaka.

Unyanyembe yenyewe ilikwenda kinyume. Mtemi Fundikira, aliyetawala kutoka Itetemya, aliwakaribisha wafanyabiashara wa pwani bila kuwatoza ushuru wa bidhaa. Aliona faida nyingine: nguo nzuri, baruti, na ujamaa. Binti yake Karunde aliolewa na Muhammad bin Juma, baba wa Hamed bin Muhammad, yule ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Tippu Tip. Mpaka Fundikira anafariki, karibu mwaka 1858, matajiri wa Tabora walikuwa wameuzoea msamaha ule hata wakauona ni haki ya kuzaliwa nayo.

Mrithi wake, Mnywa Sele, hakuuona hivyo. Alitaka ushuru kwa bidhaa zinazoingia nchini mwake, kama watemi wenzake walivyofanya. Hoja yake haikuwa ya ajabu: njia inapita kwangu, amani yake ninailinda mimi, na faida yote inakwenda Unguja. Matajiri walijibu kwamba ahadi imevunjwa, kwamba Unyanyembe ni njia huru. Hawakuishia kwenye maneno. Walimuunga mkono ndugu yake wa ukoo, Mkasiwa, wakampa bunduki na watu, na kufikia mwaka 1860 Mnywa Sele alikuwa ametolewa Itetemya. Mtemi mpya hakuwatoza.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kusimama kidogo. Kwa mdomo, matajiri walitetea kanuni: njia iwe wazi kwa wote, bila kizuizi. Kwa vitendo, walimchagua mlinda mlango wao wenyewe. Njia ilibaki wazi kwao. Kwa mpagazi na kwa mkulima aliyeishi kando yake, vita vilikuwa vimeanza. Mnywa Sele aliingia porini, akashambulia misafara kwa miaka kadhaa, na Snay bin Amir, mwenyeji mkarimu wa Burton, aliuawa katika mapigano hayo. Speke aliporudi mwaka 1861 pamoja na James Grant, alikuta watu wanaogopa kusafiri. Alikwama kwa miezi akitafuta wapagazi, akajaribu hata kusuluhisha, bila mafanikio. Mnywa Sele aliuawa mwaka 1865. Njia huru ya matajiri ilikuwa imegharimu karibu miaka 5 ya vita.

Kisha akaja Mirambo, na yeye alikuwa mtu wa kanuni ya namna nyingine kabisa. Alizaliwa karibu mwaka 1840 katika ukoo wa watemi wa Uyowa, akaunganisha temi jirani kwa vita na kwa mapatano, akaijenga Urambo na jeshi la wapiganaji walioitwa ruga-ruga. Alitaka kila pembe inayotoka Ujiji na kila bunduki inayokwenda kaskazini ipite kwa idhini yake. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora walimwendea kwa jeshi, na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa Kwihara, karibu na Tabora, akijiandaa kumtafuta mvumbuzi Livingstone, akajiunga nao. Walishindwa vibaya. Mwezi Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa. Stanley ilimbidi azunguke mbali kusini ili afike Ujiji.

Vita viliendelea mpaka katikati ya muongo ule, na mizigo ikakwama pande zote mbili. Mirambo alikuwa kiongozi mwenye akili na maono. Mwaka 1876 alifanya undugu wa damu na yuleyule Stanley, na mwaka 1879 alimpokea Urambo mmisionari Ebenezer Southon wa London Missionary Society. Lakini mpango wake ulimtegemea mtu mmoja. Alipofariki Desemba 1884, Urambo ilianza kumomonyoka mara moja.

Katika habari hizi zote pana watu ambao hawakuchagua lolote. Pamoja na wapagazi wa ujira, njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo na makongwa shingoni, wametekwa Manyema na kwingineko. Mkataba wa mwaka 1873 ulilifunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka 1876 Sultani Barghash akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara, lakini biashara ilijificha kwanza kabla ya kufa. Njia iliyokuwa huru kwa mwenye mali ilikuwa gereza kwa mwingine aliyekanyaga vumbi lilelile. Hakuna ulinganisho wowote na kompyuta unaoweza kuupunguza ukweli huo, na hapa haulinganishwi na kitu. Umetajwa kwa sababu unaliweka wazi swali ambalo matajiri wa Tabora hawakutaka kuulizwa: uhuru huu ni wa nani?

Swali hilohilo liliulizwa karne moja baadaye katika maabara ya chuo cha MIT, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, printa mpya ya Xerox ilikuwa ikikwama karatasi. Richard Stallman alitaka kuiongezea programu yake uwezo wa kuwaarifu watumiaji kila inapokwama, kama alivyokwisha kufanya kwa printa iliyotangulia. Alipomwomba msimbo mtu aliyekuwa nao, alinyimwa, maana mtu yule alikuwa ameahidi kutoutoa. Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, mfumo endeshi ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuuchunguza na kuubadili, kuugawa, na kugawa ule alioubadili. Mwaka 1989 ilitoka leseni yake ya GPL yenye sharti kubwa: ukimpa mwingine programu hii, umpe na uhuru uleule ulioupata wewe. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini cha Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo.

Mpagazi wa Unyanyembe angelielewa sharti hilo bila mkalimani. Kambi umeikuta imejengwa. Lala, itengeneze, iache. Usiizungushie ukuta ukawauzia wenzako nafasi.

Wapo waliodhani sharti hilo ni kali mno. Wao walitaka leseni zinazomruhusu mtu kuchukua kazi ya wote na kuifungia ndani ya bidhaa yake, kwa hoja kwamba uhuru kamili ni pamoja na uhuru wa kufunga. Matokeo ya mvutano huo yako mfukoni mwa karibu kila mkazi wa Tabora mwenye simujanja. Android inatumia kiini cha Linux, chenye leseni ya GPL. Sehemu kubwa ya mfumo uliojengwa juu yake ina leseni ya Apache, isiyo na sharti la kurithisha uhuru. Na juu kabisa yamekaa duka la programu na huduma za Google, ambazo si huria hata kidogo. Mwezi Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa namna ilivyowabana watengenezaji wa simu waweke programu zake tayari ndani ya simu kama sharti la kupata duka lake. Mwaka 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliipunguza hadi bilioni 4.125 na kuiacha sehemu kubwa ya uamuzi ule isimame. Barabara iko wazi, kila mtengenezaji anaruhusiwa kupita, lakini mlinda mlango amewekwa na tajiri mmoja. Anayeijua habari ya Mkasiwa hatashangaa.

Upande wa pili wa ubishi nao una uzito, na ni makosa kuupuuza. Kijana wa Tabora anayenunua kompyuta mpakato iliyotumika huwa na fedha za kununulia moja tu. Akisakinisha mfumo endeshi uliosafishwa kila kisicho huria, kama Trisquel, ambao ni miongoni mwa michache inayokubaliwa na taasisi ya Stallman, anaweza kukuta Wi-Fi haifanyi kazi, kwa sababu kadi yake inahitaji programu ndogo ya kuiamsha ambayo kampuni iliyoitengeneza haijatoa msimbo wake. Kumwambia anunue kadi nyingine ni kumwambia arudi kijijini. Kesho yake atakwenda kwenye duka la steshenari awekewe Windows isiyolipiwa, na hapo atakuwa amepoteza vyote viwili: uhuru na uhalali.

Jumuiya inayotengeneza mfumo endeshi wa Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ndiyo iliyoubeba mzigo huu kwa uaminifu zaidi. Mkataba wake na jamii, uliopitishwa mwaka 1997, unaahidi kwamba mfumo wenyewe utabaki huria kabisa. Papo hapo unawataja watumiaji na programu huria kama vipaumbele viwili vinavyokwenda pamoja, na unakiri kwamba baadhi ya watumiaji watahitaji visivyo huria, ambavyo vimewekwa katika ghala la pembeni. Taasisi ya Stallman ilikataa kuipendekeza Debian kwa sababu ya ghala hilo. Kwa miaka mingi, mwenye kompyuta yenye kadi ya aina ile alilazimika kutafuta diski isiyo rasmi, iliyofichwa mbali kwenye tovuti yao. Wengi hawakujua hata kama ipo.

Mwishoni mwa Septemba 2022 wanajumuiya walipiga kura. Palikuwa na mapendekezo kadhaa, tangu kuacha mambo yalivyo mpaka kuwa na diski mbili, na kura ziliangukia pendekezo la kuurekebisha mkataba ili diski moja rasmi ibebe programu hizo ndogo za kuamshia vifaa. Debian 12 ilitoka tarehe 10 Juni 2023 ikiwa hivyo. Walifanya jambo moja la maana sana ambalo Mnywa Sele na matajiri wa Tabora hawakulifanya: walibadilisha kanuni hadharani, kwa kura, na wakaacha mlango wa kukataa. Vitu hivyo vimetengewa fungu lake ili vionekane, mtumiaji huarifiwa vinapowekwa, na asiyevitaka anaweza kuvizuia kabla ya kusakinisha.

Kuna mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kupitia mradi wa KiLinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Hawakuomba ruhusa kwa mtu, wala hawakusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama Waswahili ni soko lenye faida. Leseni iliwaruhusu kuingia ndani na kubadilisha. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuweka Kiswahili katika programu zake. Haihitaji ushahidi mwingi kuona kwamba mteja mwenye pa kwenda husikilizwa, kama mpagazi mwenye shamba lake alivyosikilizwa.

Hata hivyo tafsiri ya programu haidumu yenyewe. Kila toleo jipya linakuja na maneno mapya, na fedha za mradi zikiisha, vibanda huanza kuvuja. Hapa ndipo programu huria inapowategemea wapitaji wake kuliko wafadhili. Hospitali na zahanati za Tanzania, Tabora zikiwamo, hutuma takwimu zao kupitia DHIS2, mfumo huria uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo kwa kushirikiana na vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa kimojawapo. Umedumu kwa sababu wapo Watanzania wanaoweza kuufungua, kuurekebisha na kuufundisha, na hawaishii kuubonyeza tu.

Katikati ya historia hizi mbili imesimama reli. Wajerumani, waliomshinda Mtemi Isike wa Unyanyembe mwezi Januari 1893, yeye akajilipua kwa baruti ndani ya boma lake asikamatwe, waliifikisha reli ya kati Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku. Mzigo ulishuka mabegani mwa watu, na ni nani angetamani urudi? Lakini ratiba, nauli na njia viliamuliwa na mwenye reli, na yule mpagazi aliyeweza kuketi chini posho ilipopungua hakuwa tena na mahali pa kuketi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, watu walikamatwa kubeba mizigo ya majeshi kwa nguvu, na maelfu wakafa. Walipoteza kazi ya hiari, wakarudishiwa mzigo uleule kazi ilipokuwa ya lazima. Anayesema watumiaji wa leo wameuchagua mfumo uliofungwa kwa sababu ni mwepesi anasema kweli. Wepesi ni hoja nzito. Waliopanda gari moshi hawakuwa wajinga. Ila ni halali pia kuuliza kitakachobaki mikononi mwao siku mwenye reli atakapobadilisha masharti.

Kwa mwandishi wa makala haya, historia ya Tabora inaamua hivi: kanuni ni ya barabara, uchaguzi ni wa msafiri, na asiruhusiwe mtu kutumia moja kuua nyingine. Mirambo aliitaka njia yote iwe chini ya mkono mmoja, ikafungwa. Matajiri walidai uhuru wa kupita, wakautumia kumng'oa aliyewauliza juu ya ushuru. Desturi za wapagazi ndizo zilizodumu kuliko wote hao, kwa sababu zilimwachia mtu haki ya kuondoka na zikamdai atengeneze kambi kabla ya kulala. Kura ya Debian ya mwaka 2022 imekaribia desturi hiyo kuliko ukali wa wale wanaotaka mtumiaji akose Wi-Fi ili kanuni ibaki safi. Lakini bila ukali wa Stallman mwaka 1983 pasingekuwa na kitu cha kupigia kura, na deni hilo lisisahauliwe.

Ombi linabaki kwa walimu. Tabora ni mji uliowafundisha makatibu wa ofisi za serikali kwa miongo mingi katika Chuo cha Uhazili, ambacho leo ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Mji huo una shule kongwe na vijana wengi wanaogusa kompyuta kwa mara ya kwanza darasani. Waonyeshwe mifumo yote miwili, uliofungwa na ulio wazi. Waambiwe wazi ni sehemu zipi za mashine yao hazina msimbo wanaoweza kuusoma. Kisha waachwe wachague. Diski ya Debian hupakuliwa bila malipo na kunakiliwa kihalali mara nyingi iwezekanavyo, na mwalimu mwenye flashi moja anaweza kuanza na darasa lake muhula ujao.